Papa Kyungu na Mpaka Ulioteleza

Tarehe 30 Juni 2017, Papa Ghislain Kyungu anastaafu baada ya kuchora ramani katika ofisi yetu hapa ughaibuni, mtaa wa Schuman, kwa miaka ishirini na miwili. Mimi, Nehemia, nimekaa meza ya jirani miaka kumi na mitano, ndiyo maana nimepewa kazi ya kumsema vizuri. Nitajitahidi.

Mzaliwa huyu wa Kolwezi, Katanga, alipenda sana kuzicheka kaunti za Uingereza. Herefordshire na Worcestershire ziliunganishwa mwaka 1974, zikatenganishwa 1998, naye aliisimulia habari hiyo kama talaka ya majirani.

Mwaka 2004 yalimkuta. Alichora ramani ya ukutani kutoka karatasi ya zamani, na nakala mia tatu zikachapwa kaunti hizo zikiwa bado mume na mke. Mteja, mzee wa Herefordshire, alikuwa anakuja Jumatatu. Mkuu wetu, Viviane, alishauri tunyamaze. Kyungu alikataa. Alisema kosa ni lake, akajifungia ofisini Jumamosi na Jumapili, akatia mpaka kwa mkono, nakala moja baada ya nyingine.

Mzee alifika, akavaa miwani, akachukua nakala ya juu kutafuta kijiji chake. Lahaula! Kalamu ilikuwa imeteleza, kijiji kimehamia Worcestershire. Kyungu alimweleza yote kwa Kifaransa, kisha akatutafsiria alivyomalizia: "Bon, papa, serikali iliunganisha bantu ba kwenu vingt-quatre ans, miaka ishirini na mine, haikubauliza. Miye nakuhamisha siku moja tu. Pardon." Mzee alicheka hadi akatafuta kiti. Alizichukua zote, na ile yenye kosa akaitenga ya sebuleni kwake.

Mwaka 2015 Katanga nayo ikagawanywa majimbo manne. Kyungu aliomba aichore mwenyewe. Alipofika kati ya Kolwezi kwao na Lubumbashi kwao mkewe, Maman Alphonsine, aliweka kalamu chini, akatazama dirishani. Mwishowe akampigia simu: "Maman, leo nakuwekea frontière, mpaka kabisa. Ukikuya kwangu, leta visa."

Jibu lilisikika hadi mezani kwangu: "Donc chakula nayo inabakia huku kwangu!"

Akacheka, akaifuta miwani, akamaliza mstari. Haukuteleza.

Papa Kyungu, asante kwa kutufundisha kukiri makosa mapema. Tumesikia wewe unataka kurudi Kolwezi na Maman anataka Lubumbashi, kwa hiyo mmeamua kubaki nyumbani kwenu hapa hapa mjini, Evere. Tunawaombea afya, asubuhi zisizo na kengele, na miaka mingi chini ya paa moja.