Fisi wa Uani

Ndani ya treni ya jioni, mshonaji mmoja alikuwa akimsimulia muuguzi aliyeketi kando yake, mtu asiyemjua. Tangu mumewe aone filamu ya watu wa kale, ya mwindaji aliyeokolewa na mbwamwitu, alikuwa akimlisha fisi uani.

"Anakula mkononi mwake, dada. Anamwita ndugu."

"Makubwa! Mna mtoto?"

"Wa miezi minane. Anashinda na baba yake."

"Hama leo!"

"Niende wapi? Nikisema naogopa ananicheka, eti hata wa kale walianza hivyohivyo kufuga mbwa."

"Walioliwa hawakutengenezewa filamu, mwenzangu."

Mshonaji akapiga simu nyumbani. Iliita mpaka ikakatika. Treni iliposimama kituoni kwake, alishuka mbio, kiatu kimoja akakiacha behewani.