Ta Rugaibula, Aliyeisalimu Google kwa Miaka Sita

Ta Alexander Rugaibula anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mbili akiwa ofisa habari wa chama chetu cha wakulima wa migomba hapa Buhembe. Vijiji vya Bukoba na Muleba anavijua kwa miguu. Zamani akipita Kimwani na kipaza sauti, hata mgonjwa aliinuka kitandani kusikia kwamba miche imefika.

Kisha tukampa tovuti.

Alipelekwa semina Mwanza, siku tatu, akafundishwa kwamba ukurasa unaopanda juu Google ni ule unaoanza na jibu, kwa maneno yaleyale anayoandika mtafutaji. Akarudi na cheti, akakitundika ukutani, halafu akaandika ukurasa wa miche kama risala. Ulianza na Mheshimiwa Mwenyekiti, makamu wake, wajumbe, viongozi wa dini zote na wazee wa mji. Ikafuata historia ya chama. Miche ilitokea aya ya kumi na moja, nayo aliiita "vipando bora vya zao mama". Kwake, kutaja bidhaa kabla ya salamu ni sawa na kuingia kwa watu ukiomba chakula tangu mlangoni.

Google nayo ikamheshimu: ikamketisha ukurasa wa sita, ambako hafiki mtu ila aliyepotea. Kila asubuhi alitutangazia kwamba wageni wa tovuti wanaongezeka. Nancy wa kompyuta alipochunguza, wengi walikuwa yeye mwenyewe, akichungulia kama tumepanda.

Tulicheka mpaka alipokuja Ma Dativa kutoka Kimwani. Alikuwa ametafuta miche safi kwenye simu wiki mbili. Alipotufikia huko chini, aliona majina ya viongozi, akafunga, akachukua machipukizi kwa jirani. Yalikuwa na mnyauko. Aling'oa migomba yote ya kibanja, shamba lake la nyumbani, na watoto wanne wanakula humo. Alimwambia Ta Rugaibula mbele yetu sote: Tata, mimi nilitafuta miche, wewe ukanipa mkutano.

 Siku ya gulio Ta Rugaibula alikwenda Muleba na daftari, akawauliza akina mama huwa wanaandika nini kwenye simu. Alirudi na kurasa tisa. Swali lililorudiwa zaidi, "mgomba wangu unanyauka nifanyeje", ndilo kichwa cha ukurasa wetu leo, na jibu liko chini yake hapo hapo. Waheshimiwa tulimlazimisha awatoe pale juu. Alitoa mmoja kila wiki, kama mtu anayeng'olewa meno, na Mwenyekiti akawa wa mwisho. Sasa tuko wa kwanza. Mwezi Machi Ma Dativa alipanda upya, na mashimo ya kwanza alichimba Ta Rugaibula, akiwa na tai yake.

Sisi wenye watoto wachanga hatutasahau kwamba kila saa nane alitufukuza tukanyonyeshe, na barua tulizoziacha mezani akazimalizia yeye. Ndiyo maana barua zetu zote zina salamu ndefu.

Asante, Tata. Kibanja chako cha Maruku kikupe ndizi, afya na usingizi. Mgomba ukinyauka, usimpigie Mwenyekiti. Andika kwenye simu kama mkulima, utatukuta juu. Salamu zako hatukuzifuta. Ziko chini kabisa, baada ya namba ya simu: aliyekwisha kupata miche ana nafasi ya kusalimiwa.

Kokuhirwa, Masjala