Upepo wa Shuka, wa Kofia na wa Mabati

Naanza kwa kuomba radhi. Mhariri wa jarida letu ananidai makala haya wiki ya tatu sasa, nami kila siku namwambia kesho, huku mwanangu anaota meno mawili kwa mpigo. Leo amelala. Naandika kabla hajabadili mawazo.

Mzee Kiasi, mpimaji wa hali ya hewa katika kituo chetu cha pwani, ambako mimi ni msaidizi wake, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina hilo alipewa na kijiji. Miaka ya mwanzo kila asubuhi aliandika ubaoni "upepo wa kiasi", watu wakabaki kujiuliza kiasi gani.

Aliyemwuliza waziwazi ni mkewe, beseni la nguo likiwa kiunoni, na hapo ndipo alipobuni vipimo vyake. Makao makuu wanataka tarakimu, naye hajawahi kukosa kuzipeleka. Lakini kwenye ubao ulio nje ya mlango wa kituo huandika upepo wa shuka, unaokausha nguo kabla ya adhuhuri. Upepo wa kofia, unaotaka mkono mmoja ukae kichwani. Na upepo wa mabati, ambao ukiandikwa, boti ya kuvuka ghuba haiondoki na wenye mapaa mabovu hutafuta mawe.

Jumanne moja aliandika shuka. Kufika saa saba mchana, mabati kumi na manne ya soko yalikuwa yametua uwanja wa mpira. Mwingine angefuta ubao haraka. Yeye aliandika chini yake, kwa herufi kubwa zile zile, "Nimekosea", akauacha hivyo siku mbili, kisha akaenda kumshikia ngazi fundi wa paa. Fundi hakumhurumia. Kila msumari alimwuliza kutoka juu, "Mzee Kiasi, hebu niambie, hapa napigilia bati au naanika shuka?" Soko zima lilicheka. Na yeye alicheka, mpaka fundi akamwomba atulie, ngazi inatikisika.

Kosa lilitokana na tangi la maji lililojengwa juu ya duka la jirani. Upepo ukitoka upande ule, tangi huukinga, na vikombe vya kuupimia juu ya mlingoti wetu huzunguka kivivu kana kwamba bahari imelala. Tangu siku hiyo, miaka kumi na mmoja, kila alfajiri hutembea hadi mwisho wa gati na kipimo cha mkononi, akirudi analinganisha, na tofauti anaiandika kwenye daftari la shule pamoja na kila utabiri uliomshinda. Analiita daftari la aibu.

Aibu hiyo ndiyo iliyonivusha mimi. Mwaka jana uchungu ulinianza asubuhi, na hospitali iko ng'ambo ya ghuba. Makao makuu walisema shwari mpaka jioni, vikombe vyetu navyo vikaitikia. Nikapanga kumaliza kufua kwanza, nivuke saa tano. Mzee Kiasi alirudi kutoka gatini, akafungua daftari, akaona upepo unatoka upande wa tangi, akanifuata hadi kwenye kamba ya nguo. "Mwanangu, vuka na boti ya saa moja. Ya saa tano waachie wenye tumbo dogo." Saa nne upepo wa mabati ukaingia. Boti ya saa tano haikuondoka. Saa nane nilikuwa nimempakata mwanangu, ng'ambo.

Kuanzia tarehe mosi ubao ni wangu. Mashine nitazisoma, shule nilikaa kiasi cha kuziweza. Lakini bila daftari lile tangi litanidanganya, na mtu atavuka kwa neno langu. Nasikia amesema atalitumia kuwashia jiko. Baba, hapana.

Ahsante kwa asubuhi zote hizo. Tunakuombea usingizi mrefu, magoti mazima, na shuka zikauke mapema nyumbani kwako.

Kabla ya Ijumaa naomba niletewe: daftari, lote, hata kurasa alizozigandisha kwa gundi zisisomwe, ufunguo mdogo wa kisanduku cha mlingoti, ambao najua uko mfukoni mwa koti lake la mvua, kipimo cha mkononi na betri zake, na yeye mwenyewe, tarehe mosi saa moja asubuhi, asimame mbele ya ubao kama mwanakijiji mwingine, asome, na chaki asiiguse.