Fundi Kufuli na Alama Mbili Zilizomponyoka

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1959, mtoto wa tatu wa karani wa posta, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya treni. Wasifu huu umeandikwa na dada yake anayemfuata, naye ndiye anayeusoma. Waliokuja kusikia maneno matamu watavumilia.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1973. Akiwa darasa la sita alifungua kabati la mwalimu mkuu kwa kipande cha waya, akachapwa. Wiki iliyofuata mwalimu mkuu huyohuyo alipoteza ufunguo wa droo yake, akamwita kwa sauti ya chini.

Mwaka 1978 alifungua kibanda cha funguo, na humo alifanya kazi miaka arobaini na mitano. Hakumchongea mtu ufunguo wa mlango usio wake. Wapo ndugu humu waliojaribu, wakaondoka wamenuna, na leo wamekaa mstari wa mbele wakijifuta machozi.

Tarehe 2 Mei 1987 alimwoa fundi cherehani wa kibanda cha jirani. Ndugu hawakumpenda mke huyu, na dada mtu ndiye aliyewaongoza. Alimpa jina la Bi Chumvi, akidai kila habari anaitia chumvi. Jina likashika.

Jumanne tarehe 6 Juni 2023, saa tatu asubuhi, tupa ya kuchongea funguo ilimponyoka marehemu kazini. Mkono wa kulia ukaning'inia dakika ishirini, kisha nguvu zikarudi. Mkewe alimpakia kwenye teksi papo hapo, dada mtu akadandia. Daktari alieleza kwamba hicho ni kiharusi cha kupita, na kwamba madaktari huhesabu alama kukadiria kama kikubwa kinafuata. Akauliza mkono ulikuwaje. Mkewe akajibu kwamba ulilegea kabisa.

"Daktari, huyu wifi yangu hutia chumvi," dada mtu akamkata kauli. "Mkono ulikufa ganzi tu."

Marehemu, aliyechukia vitanda vya hospitali, akaitikia kwa kichwa. Daktari akaandika ganzi. Umri ulimpa alama moja, presha moja, zile dakika ishirini moja. Ganzi haina alama hata moja. Kulegea kuna mbili. Kwa alama tatu alipewa vidonge na tarehe ya kurudi. Kwa tano angelazwa siku ileile.

Ijumaa alianguka akifunga viatu. Alifariki Jumapili tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi. Dada mtu alikwenda kumfokea daktari, naye akamjibu, "Mama, mimi ule mkono sikuuona. Niliandika nilichoambiwa."

Tangu siku hiyo ndugu wananong'ona kwamba mke alimchelewesha mumewe kufika hospitali. Ni uongo, tena wa aibu. Ulianzia jikoni, kwenye kinywa cha huyuhuyu anayesoma, kwa sababu aliogopa kuulizwa. Nyinyi mkaudaka kwa furaha, mkausambaza hadi kwa majirani, wala hakuna aliyemuuliza mjane lolote.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, kaka wawili na dada mmoja. Mjane hana kosa. Mwenye neno na amwendee dada mtu. Amesimama hapa mbele yenu.

Fundi apumzike kwa amani, na mkewe mumwache amlilie kwa amani.