Kiatu Ndani ya Injini

Mwaka wa pili wa uasi, mto umefungwa kwa meli na vipuri haviji tena kutoka Kinshasa, tulikuwa ndani ya pirogi, mtumbwi wa abiria, tukivuka kwenda ng'ambo ya Lubunga. Mama Florentine, muuguzi, alishika pikipiki iliyobeba dawa za kupeleka Ubundu. Mzee mmoja, fundi wa pikipiki wa mtaa wa Kabondo, alichuchumaa akapitisha kidole chini ya injini. Kikatoka kikavu.

“Mama, joint ya kuzuia oili ulitoa wapi? Mimi niko na pikipiki tatu zimelala, zinavuja tu.”

“Nilitengeneza ku nyumba, papa. Na ngozi ya kiatu ya bwana yangu.”

“Kiatu?” Fundi alicheka peke yake. “Itaungua mbele ya kufika Ubundu.”

“Nililoweka mu mafuta ya mawese, nikafunga ku shingo ya chupa siku tatu, ipate mudomo ya kukamata chuma. Bon, mara ya kwanza niliweka mudomo inaangalia inje. Oili yote ikamwagika mu chumba. Alors nikageuza, mudomo iangalie oili.”

Fundi akainua mkono. Nilidhani amekasirika, kumbe alikuwa anavua kofia. Kosa lile, alisema polepole, yeye alilifanya mwaka mzima, tena akiwa na mwalimu.

“Lakini Ubundu iko mbali, mama.”

“Iko mbali, papa.”

Pirogi ikagonga mchanga, tukashusha pikipiki. Mama Florentine akapiga kiki, injini ikaitika, akaondoka. Fundi akashuka nyuma yake peku, viatu mkononi, akivitazama kwa heshima ambayo nadhani havikuwahi kuipata.