Bi. Generosa na Kile Kilichopita Juu ya Njisi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupima mvua, upepo na joto, Bi. Generosa Kaijage anastaafu rasmi leo, tarehe 30 Juni 1998. Miaka kumi na minne ya mwisho ametumikia hapa Njisi, mpakani, akiwa mkuu wa kituo chetu kidogo cha hali ya hewa.

Alikuja kutoka Bukoba akidhani mvua anaijua. Masika yake ya kwanza hapa yalijaza kipimamvua mara mbili kwa siku moja. Wenyeji nao waliamini kwamba anayeipima ndiye anayeiagiza, wakawa wanamwomba aizuie siku za harusi. Hakuwahi kumkatalia mtu. Alisema ombi limepokelewa.

Kazini alikuwa mtu wa utaratibu. Rejista iliandikwa kwa wino, kwa saa za Greenwich ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu, na aliyekosea alikata kwa mstari mmoja na kutia saini yake.

Agosti 1993, wakati wa kipimo cha saa moja jioni, aliona kitu chenye mwanga kikikatiza anga kuelekea ziwani, bila sauti. Kilirudi jioni sita mfululizo. Aliandika dakika na upande kilikopita, na kwenye safu ya maelezo akaweka neno moja: "Sikijui."

Mjadala ukawaka. Yeye alielekea kuamini kuwa ni kipande cha roketi kuukuu kinachozunguka dunia. Mzee Kheri, mwenye duka Kasumulu, ambaye tangu serikali iruhusu biashara huria alikuwa akiuza redio za kila aina na kuzisikiliza zote, alishikilia kuwa ni chombo cha viumbe wa kwingine wanaotuchungulia. Madereva waliokwama forodhani wakagawanyika.

Waliompa Mzee Kheri nguvu ni sisi wenyewe. Karani mgeni, mwenye miezi minne kazini, alipochapa taarifa ya kwenda ofisi ya mkoa Mbeya aliona 16:04 rejistani, akaandika saa kumi na dakika nne alasiri. Bi. Generosa akaitia saini, na nakala ikafika Kasumulu. Mzee Kheri akauliza ni chuma gani kibovu kinachong'aa jua likiwa linawaka.

Mbeya hawakucheka. Ilikuwa miaka ya kupunguza wafanyakazi na orodha ilikuwa mezani. Afisa alikuja kuuliza nani huona nyota mchana. Karani, mwenye mtoto wa wiki tatu nyumbani, alinyamaza. Bi. Generosa alikuwa ameshaliona kosa na mwenye kosa. Alisema, "Saini ni yangu. Kosa ni langu."

Alipewa barua ya onyo, na cheo alichokuwa akikingoja Mbeya kikaenda kwa mwingine. Kesho yake alimketisha karani na kumfundisha kuongeza saa tatu.

Baadaye wataalamu walieleza kwamba yaelekea yalikuwa mabaki ya roketi. Mzee Kheri hajakubali hadi leo.

Karani yule ni mimi, Hezroni, ninayeandika wasifu huu. Nimebeba aibu hiyo miaka mitano. Leo asubuhi nimepeleka barua Mbeya iwekwe kwenye jalada lake, ikisema kosa la saa lilikuwa langu. Nimeitia saini kwa wino.

Bi. Generosa, pokea chungu hiki cha wafinyanzi wa Ikombe kutoka kwetu sote. Ndaga fijo, asante sana, kama wasemavyo wenyeji. Fika Bukoba salama, na mvua ya huko uiache inyeshe tu, bila kuipima.