Katoni ya Mwisho ya Mzee Dohani

Benchi letu halikununuliwa popote. Ni ubao wa nyuma wa lori, aliouleta Gia Kubwa siku alipostaafu udereva, akaupandisha juu ya matofali mbele ya duka la kinyozi, na mimi nikaachiwa upande wa kulia niweke jiko langu na birika. Tangu hapo nauza kahawa, na tangu hapo sijapata amani. Wanaume wazima na heshima zao, kikombe kimoja mkononi mpaka kinapoa, na maneno hayaishi. Nawasema kila siku, hawasikii. Nikiugua siku moja tu, wanatuma mtu nyumbani kuuliza kulikoni. Basi tumezoeana hivyo hivyo. Asubuhi hiyo walikuwa wamekaa kama kawaida yao: Gia Kubwa mwanzoni, kwa kuwa ubao ni wake, katikati fundi redio, tunayemwita Redio kwa sababu na yeye hazimiki, Wembe, yule kinyozi, amesimama mlangoni kwake na taulo begani akisubiri vichwa, na pembeni kabisa, karibu na jiko langu, Mzee Dohani na kiko chake mdomoni. Jina hilo la Dohani alipewa na Wembe, kwa ajili ya moshi. Kazi yake ya zamani ilikuwa ufundi mizani, na mpaka leo ukiona mizani ya duka mtaani kwetu haikuibii, ujue ilipita mikononi mwake.

– Tumbaku inakwisha, akasema Mzee, hata salamu hajaimaliza.

– Si ununue nyingine? akasema Redio.

– Sikiliza kwanza. Haijaniishia mimi, inaisha yenyewe. Mwenye duka kaniambia hii yangu hailetwi tena. Kabakiwa na katoni moja ya makopo, na kuna mtu mwingine anaitaka yote. Kaniwekea mpaka atakapofunga kwenda kula. Nikichelewa, ndiyo basi.

– Chukua! Gia Kubwa akapiga ubao mpaka vikombe vikaruka. Chukua yote, Mzee, usimwachie hata kopo!

– Na nauli? nikauliza mimi.

Wote walijua ninachosema. Binti wa Mzee, mtoto wake wa pekee, amejifungua. Mjukuu wa kwanza huyo. Nauli ya kwenda kumwona ilikuwa kwenye mfuko wa shati, juma zima tumeuona mfuko umetuna na Mzee anaupapasa kila akikohoa. Safari ilikuwa kesho. Sasa hela ndizo hizo hizo, ni katoni au ni basi, hakuna cha tatu mpaka pensheni nyingine, na pensheni ya Mzee tunaijua, huja inapojisikia.

– Mjukuu hapotei, Mzee akasema, lakini hakumtazama mtu usoni. Mwezi ujao atakuwepo. Tumbaku haitakuwepo.

– Umesikia maneno ya mtu mzima? akasema Gia Kubwa.

– Nimesikia maneno ya mtu asiyejua watoto, nikasema. Mtoto mchanga ukimkosa mwezi huu, mwezi ujao unamkuta mtu mwingine kabisa, kashanona, kashajua kukukataa.

– Wewe mimina kahawa, dada, akanijibu Gia Kubwa.

Nikammiminia, ya chini kabisa ya birika, ile yenye machicha.

– Mimi hili nililisikia zamani, akaanza Redio. Huko wanakolima, limeingia dudu. Dogo, halionekani. Linakula majani ya tumbaku tu, mengine haligusi. Wakulima wamekata tamaa, wanalima vitunguu.

– Ulisikia wapi? nikauliza.

– Kwenye redio ya mteja.

– Hiyo redio ya mteja si ndiyo unayoitengeneza mwezi wa pili sasa, haitoi sauti?

– Ilitoa kidogo siku hiyo.

Gia Kubwa akacheka, akajifuta mdomo.

– Hakuna cha dudu. Mimi nimeendesha lori maisha yangu yote, hizi habari za mzigo niulizeni mimi. Mzigo ukipotea madukani, ujue haujapotea, umelala ghalani. Wakubwa wanauficha. Wanangoja watu mkae bila, mhangaike, mkose usingizi, ndipo wautoe kidogo kidogo. Mwisho mtaona tumbaku inakuwa hela. Utaingia dukani, unataka sukari, unatoa kikopo mfukoni, unachota vidole viwili, muuzaji ananusa, anakupimia.

– Na chenji? akauliza Redio.

– Chenji anakurudishia ugoro.

Hapo hata Mzee alicheka. Wembe peke yake hakucheka. Alishuka kwenye kizingiti akipunga taulo mbele ya uso na kukohoa kwa makusudi.

– Mimi naomba ziishe zote, akasema. Zote! Dohani, geuza hicho kiko chako upande wa pili, nakuomba. Moshi wote unaingia dukani kwangu. Jana nimemnyoa bwana harusi huku machozi yanamtoka, mamake akadhani anajuta.

– Kweli, Mzee, geuka kidogo, nikasema na mimi, maana kuhusu huo moshi nilikuwa upande wa Wembe siku zote.

Mzee akageuka kidogo, kama alivyogeuka kila siku, bila kubisha wala kujitetea.

– Tuseme anachukua, akasema Redio. Ataiweka wapi? Tumbaku ikikauka inakuwa majani ya chai. Ikipata unyevu inaota ukungu.

– Aifukie, akasema Gia Kubwa. Chini ya kitanda. Achimbe kishimo, makopo ndani, juu aweke kipande cha bati, juu ya bati mkeka, juu ya mkeka yeye mwenyewe.

– Sakafu ni ya saruji, akasema Mzee.

– Basi aweke kwenye friji ya Wembe.

– Friji yangu? Wembe akashtuka. Mke wangu akikuta tumbaku karibu na maziwa, atakayefukiwa ni mimi.

– Kuna panya pia, Redio akasema, na sauti yake ikashuka. Panya mmoja tu akionja tumbaku, basi. Hatoki tena nyumba hiyo. Anakaa dirishani anakungoja urudi. Kuna mzee mmoja, simtaji, ilifika mahali panya ndiye anayemwamsha asubuhi.

– Amwamshe afanye nini? akauliza Wembe.

– Afungue kopo.

– Toka hapa!

– Haki ya nani! Na sasa nawaambia la mwisho, hili msiseme nimelisema mimi. Tumbaku yote nzuri siku hizi inachukuliwa inakwenda kuchanganywa kwenye marashi ya matajiri. Wale wanaonukia ukapisha njia. Ile harufu unadhani ni maua? Ni kiko cha Mzee Dohani kile.

– Ndiyo maana! Gia Kubwa akapiga paja. Ndiyo maana Mzee ananukia vizuri! Mzee, wewe ni tajiri hujijui. Nenda kachukue katoni hiyo sasa hivi. Mjukuu akikua utamuuzia kopo moja, asome mpaka chuo kikuu.

Wakamgeukia wote. Mzee alikuwa ameshika kiko kwa mkono mmoja, na mkono mwingine uko kwenye mfuko wa shati. Nilimwona kabisa jinsi alivyoinuka nusu, akatazama kushoto liliko duka la tumbaku. Roho iliniuma. Siyo kwamba nina ubaya na tumbaku. Ila yule binti yake namjua, alikunywa uji nyumbani kwangu akiwa mdogo, na najua amekaa na kitoto chake anageukia mlango kila unapogongwa.

Hapo ndipo akaja fundi rangi. Hatukuwa tukimjua. Alikuwa na ngazi yake kwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara, ovaroli limejaa madoadoa ya rangi ya bluu. Alivuka akaomba kahawa, akainywa ya moto, akalipa hapo hapo bila kuambiwa, nikampenda. Kisha akachomoa sigara nyuma ya sikio.

– Shikamoo, mzee wangu. Samahani, naomba moto.

– Marahaba, akasema Mzee, na kabla hajasema lingine kijana yule alikuwa ameshainama, ameweka ncha ya sigara kwenye kiko, anavuta.

Akavuta. Akavuta tena mpaka mashavu yakaingia ndani. Akainuka, akaitazama sigara, akakitazama kiko.

– Mzee, mbona hiki hakina moto?

– Kimezimika, akasema Redio.

Fundi rangi akakigusa kwa kidole.

– Hakijazimika. Ki baridi hiki. Na tumbaku ni mbichi, haijaungua hata kidogo. Kwani, mzee wangu, huwa nani anakuwashia?

Redio alifungua mdomo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue ukabaki mtupu. Wembe alikuwa ameinua taulo apunge, likabaki hewani.

– Toa kiberiti, Mzee, akasema Gia Kubwa taratibu. Washa, kijana apate moto.

– Sina kiberiti, akasema Mzee. Sijawahi kuwa nacho.

Akakitoa kiko mdomoni, akakipakata kwenye mapaja.

– Aliyekuwa akiniwashia ni mama watoto. Alikuwa anachukua kaa jikoni kwa koleo, ananiwekea juu, anapuliza. Na huku anapuliza huku ananigombeza. Kila siku ya Mungu. Mara kifua changu, mara mapazia yake yananuka. Kaa mkononi na maneno mdomoni. Alipotutoka nikanunua kiberiti, nikakishika. Nikaona kama namnyang'anya kazi yake. Nikamwachia jirani.

– Kwa hiyo wewe… tangu hapo? nikauliza.

– Mwaka wa tatu huu. Ila asubuhi najaza kama zamani, naweka mdomoni, natoka. Ikiwa mbichi inanukia nyumbani kwangu kulivyokuwa. Ikishinda siku moja harufu inaisha, basi ya jana naimwaga kwenye vyungu vyake vya maua. Vimestawi! Hakuna dudu anayesogea.

Nililia, nasema kweli. Kidogo tu, na ncha ya kanga ilikuwa karibu. Halafu sijui nilipata wapi ujasiri, nikachukua koleo, nikaokota kaa jekundu, nikamwinamia.

– Nikuwashie, baba?

Alilitazama lile kaa. Nikaona midomo yake inataka kucheka na inataka kulia.

– Hapana, mwanangu. Mungu akubariki. Hujui kugomba inavyotakiwa.

– Mimi sijui kugomba? nikasema. Uliza hawa!

Akacheka sasa, kicheko chenyewe, mabega yanatikisika.

– Juzi binti yangu kanipigia simu, akasema. Anasema, baba, huyu mtoto kachukua paji la uso la mama. Kile kifinyo hapa katikati, kile kile. Na ana siku chache tu duniani lakini anagomba! Ukichelewa kumbeba anakukunjia uso, mpaka umwombe radhi. Nilimsikia mwenyewe kwenye simu. Sauti ile…

Alipapasa mfuko, akasimama, akaweka kiko mdomoni.

Sasa nieleze kidogo: pale kwetu ukishika kushoto unakwenda kwenye duka la tumbaku, ukishika kulia unakwenda kwenye kibanda cha tiketi za basi. Mzee alisimama katikati ya njia akajiweka shati sawa. Akashika kulia.

– Mzee! Gia Kubwa akaita. Katoni je? Yule wa duka anafunga!

Mzee aligeuka, akatoa kiko.

– Ampe huyo mwingine, akasema. Labda yeye ana wa kumwashia.

Akaenda, wala hakuharakisha. Nilimfuata kwa macho mpaka nilipoona kashika foleni ya tiketi, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Fundi rangi nikampa lile kaa, akawasha sigara yake, akarudi kwenye ngazi bila kujua alichokifanya. Sisi tukabaki. Nikakiri moyoni kwamba nawapenda hawa watu, pamoja na vikombe vyao vya kupoa.

– Mimi tangu mwanzo nilimwambia aende kwa mjukuu, akasema Redio.

– Wewe? Ulikuwa kwenye panya wewe! akasema Gia Kubwa. Mimi ndiye niliyemtia moyo.

– Moyo wa kuchimba sakafu!

Wembe aliwasikiliza huku anacheka, kisha akakohoa. Akakunja uso, akachukua taulo, akapunga mara mbili tatu kama kawaida yake.

– Dohani, hebu geuza hicho…

Akakatiza. Pembeni ya benchi palikuwa na kikombe cha Mzee tu. Wembe akatazama moshi uliokuwa ukipita mbele ya mlango wake, ule ule wa kila siku, akaanza kuufuata kwa macho polepole kurudi unakotoka. Redio naye akageuka. Gia Kubwa naye.

– Sasa, akasema Wembe, huu moshi ni wa nani?

Nikafunika jiko kwa sinia.

– Kahawa imekwisha, nikawaambia. Inukeni mkafanye kazi.